Mabuti ya Kushoto

Mafuriko yalipita mtaani kwetu Jumatatu asubuhi, watu wakiwa bado wanatafuta viatu waende kazini. Hayakukaa sana. Muda wa saa nne tu, kama mgeni mwenye haya, kisha yakaondoka na daraja.

Ninaposema "kwetu" ninaazima. Mimi nimelala miji mingi kuliko kunguni wa nyumba za wageni, na hapo nilikuwa nimefikia kwa mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, kwa siku mbili. Siku mbili hizo zilikuwa zimeingia mwezi wa tatu. Yeye hakusema neno, ila kila asubuhi aliniuliza, "Kaka, mabasi siku hizi hayapo?"

Nyumba yake ni ya mwisho mtaani, bondeni, hatua kama mia moja kutoka mtoni. Vyumba viwili na kibaraza cha kushonea. Aliijenga kwa sare za shule: miaka ishirini na sita ya kukunja pindo za kaptura. Maji yalipoondoka yaliacha mstari wa tope usawa wa dirisha, na ukuta wa nyuma umeinama kidogo, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Fundi mwashi alikuja akaugonga kwa vidole kama daktari anayegonga kifua, akauegemeza kwa miti mitatu.

"Mama Cherehani," akasema, "ukuta huu utasimama. Ila yakija maji mengine, hata ya magotini, usiwe ndani."

"Na nikiwa ndani?"

"Basi seremala wa majeneza kule ng'ambo atapata kazi."

Mdogo wangu akamwambia kwamba ndani atakuwa, kwa sababu nyumba hiyo hakuikuta, aliishona. Akapandisha cherehani zake mbili juu ya meza, na meza juu ya matofali, akaendelea kushona amesimama.

Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa ukuta, ulikuwa mtaro. Mtaa ule una mtaro mmoja mkubwa unaoshuka kutoka vilimani, unapinda kwenye kona juu ya nyumba ya mdogo wangu, unaipita ubavuni na kumwaga mtoni. Mafuriko yaliujaza tope tangu kona hadi mtoni, na ndani ya tope yakachanganya mabati yaliyochanika na duka zima la fundi vioo. Duka zima, jamani: vioo vya madirisha, vya makabati, vya kunyolea ndevu. Mtaro ukiwa umeziba hivyo, maji yoyote yatakayoshuka yatagonga kona, yatakosa njia, na njia itakayobaki ni mlango wa Mama Cherehani.

Jumatano tulijaribu kuuzibua. Tulikuwa watu ishirini na kitu, wengine miguu mitupu, wengine kandambili. Kufika adhuhuri, kumi na mmoja walikuwa zahanati wakishonwa nyayo. Mdogo wangu aliwatazama walivyoshonwa, akasema mishono ya namna ile angeirudisha. Jioni redio ikatangaza kwamba mvua nyingine kubwa itafika vilimani baada ya siku kumi, yaani Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Alhamisi wakaja wasaidizi.

Walikuwa mashirika mawili. Wenye vizibao vya kijani walishika upande wetu, wenye vizibao vya rangi ya chungwa wakashika ng'ambo. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine kulibaki daraja la barabara kuu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Wao walikuwa na magari. Sisi tulikuwa na miguu, nayo ndiyo hiyo imeshonwa.

Upande wetu aliletwa binti mmoja mpole, amebeba simu pana kama sinia. Mtaa ulimpa jina siku hiyohiyo: Binti Fomu. Alinikuta kibarazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nina maswali machache. Sitachukua muda wako mwingi."

"Chukua tu. Ndicho kitu pekee kilichobaki kikavu."

Akaandika jina langu, umri wangu, na idadi ya mbuzi niliopoteza. Nilimwambia sikuwahi kuwa na mbuzi. Akaandika sifuri, akaniambia pole. Kisha akauliza, "Katika vitu vifuatavyo, mnahitaji kipi zaidi: blanketi, ndoo, chandarua, au ushauri nasaha?"

"Mabuti," nikasema. "Ya mpira, ya kufika magotini. Tuna mtaro wa kuzibua."

"Mabuti hayapo, babu."

"Najua hayapo. Ndiyo maana tunayahitaji."

"Hayapo kwenye fomu."

Mdogo wangu, aliyekuwa akishona, akatoa pini mdomoni. "Mwanangu, hapo chini hapana pa kuandika mengineyo?"

"Papo, lakini mengineyo hayasomwi na mtu."

Akafikiri, akabonyeza ndoo. "Nimeweka ndoo kwa sasa," akasema, "maana nazo ni za kuzuia maji." Nilitaka kucheka, lakini nilimwona macho yake. Alikuwa ameangalia ule ukuta ulioinama, halafu miti mitatu, halafu cherehani juu ya matofali. Akatoka nje, akapiga simu, akazunguka nyumba akipiga nyingine. Fomu ilimshinda yule binti, simu haikumshinda. Saa moja baadaye alirudi akasema kiwanda kikubwa cha mabuti kimekubali kutoa msaada. Mabuti elfu moja na mia mbili, kwa mashirika yote mawili.

Lori lilifika Jumatatu. Mtaa mzima ulijaa pale kwenye kona, na mbele kabisa alisimama mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu mwenye suti moja na hotuba tatu. Makasha yaliposhushwa, dereva akampa karatasi. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti: makasha yasifunguliwe kabla ya makabidhiano rasmi, ambayo yatafanywa na mkurugenzi wa kiwanda mwenyewe, Jumamosi saa nne asubuhi.

"Jumamosi ndiyo siku ya mvua," nikasema.

"Mzee, mkurugenzi ana ratiba."

"Na mvua je?"

Mdogo wangu akasogea kwenye makasha. Alitoa mkasi kwenye mfuko wa aproni, akakata utepe wa kasha la kwanza.

"Mama Cherehani! Karatasi inasema..."

"Karatasi haina ukuta wa kuanguka."

Akatoa buti. Jeusi, zito, linanuka upya. Watu wakapiga vigelegele. Akatoa la pili, akayaweka chini pamoja, akayaangalia kwa jicho lile analoangalia kola. Akatoa la tatu. La nne. Vigelegele vikaanza kupungua, kama redio inayoishiwa betri. Akafungua kasha la pili, na la tano.

Yote yalikuwa ya kushoto. Mia sita ya kushoto.

Dereva hakushtuka hata kidogo. "Ndiyo utaratibu wa kiwanda," akasema. "Kushoto lori lake, kulia lori lake. Zamani tuliibiwa sana njiani. Sasa mwizi akiteka lori moja, atamvalisha nani?"

"Na lori la kulia liko wapi?"

"Limekwenda ng'ambo, kwa wale wa chungwa. Bosi alisema kila shirika lipewe lori moja, sawa kwa sawa, asionekane anapendelea."

Fundi vioo, ambaye nyayo zake zilikuwa na nyuzi tisa, alijaribu kuvaa mawili ya kushoto. Alipiga hatua sita akawa anaelekea nyumbani kwake badala ya mtaroni, kama mkokoteni wenye gurudumu bovu. "Mguu huu wa kulia unanisuta," akasema, akayavua.

Binti Fomu alikuwa amesimama na sinia lake, uso umemshuka. "Hapa inauliza pea ngapi," akasema polepole.

"Andika hakuna," nikamwambia.

"Nikiandika hakuna, itasomeka msaada haukufika. Watafunga kituo." Akayatazama makasha. Akanong'ona kama anayeomba msamaha, "Mabuti mawili ni pea, babu." Akaandika mia tatu.

Nikashuka mtoni. Pale palipokuwa na daraja zilibaki nguzo mbili, na ng'ambo, juu ya jiwe, alikuwa amekaa seremala wa majeneza. Tulijuana kwa kupigiana kelele. Tangu nifike kazi yake ilikuwa kunipima kwa macho kila nikivuka.

"We mzee!" akaita. "Bado upo? Nimekutengenezea la futi sita!"

"Lifupishe! Nimepungua! Ninyi mmeletewa nini huko?"

"Mabuti!"

"Yakoje?"

"Mazuri! Ila fundi wake alikuwa na mguu mmoja!"

"Wa kulia?"

"Umejuaje?"

"Sisi tunao wake wa kushoto!"

Akasimama juu ya jiwe. Tukatazamana kuvuka maji yale ya rangi ya chai. Sidhani kama katika maisha yangu nimewahi kumpenda mtu kwa haraka namna ile.

Ilikuwa kazi ya kubadilishana tu. Ndivyo nilivyodhani mimi, ambaye shule nimeisoma vipandevipande: darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sikulikuta popote. Alasiri hiyohiyo akaja kwa gari mkuu wa wale wa chungwa, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hakuwahi kukutana na tatizo asiliitie semina. Jina lake mjini lilikuwa hilohilo, Bwana Semina. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa adabu, amefumba macho.

"Mzee wangu, wazo ni zuri sana," akasema. "Lakini kifaa kikishaingia kwenye rejista ya shirika, kinakuwa cha walengwa wa shirika hilo. Mabuti ya kulia yana walengwa wake."

"Hata kama hayavaliki?"

"Kuvalika ni suala la utekelezaji. Kwanza tuwe na barua ya maombi, halafu hati ya makubaliano. Haraka haraka haina baraka."

"Jumamosi maji yanakuja kwenye nyumba ya mdogo wangu."

"Ndiyo maana nataka tulifanye hili vizuri." Akafumbua macho, yameng'aa. "Mnajua nini kinakosekana hapa? Uratibu. Tufanye semina. Siku mbili, mashirika yote mawili, kesho na keshokutwa, pale hotelini mji wa juu. Ushirikiano wa Wadau Wakati wa Maafa. Na jamii lazima iwakilishwe."

Jamii, yaani mwenyekiti, ilikuwa tayari inaulizia kama kuna chakula cha mchana.

Jumanne asubuhi magari yote yakapanda mji wa juu. Hakikubaki kizibao hata kimoja, cha kijani wala cha chungwa. Mji ukawa kimya, na hapo ndipo ushirikiano ulipoanza.

Mdogo wangu akaleta rili ya uzi mzito wa kushonea mikoba. Akafunga jiwe ncha moja, fundi mwashi akalirusha. Mara ya tatu likavuka. Ng'ambo wakavuta uzi, uzi ukavuta kamba, kamba ikafungwa nguzoni. Tatizo likawa chombo, maana mtumbwi uliokuwepo uliondoka na daraja. Seremala akaingia karakana yake, akatoka na jeneza kichwani, jipya, limepakwa lami kwenye viungo.

"Halivuji?" nikaita.

"Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika!"

Likaja likiyumba juu ya maji, limejaa mabuti ya kulia, na mama mmoja upande wetu akafunika uso kwa vile lilivyokuwa linaonekana. Likarudi na ya kushoto. Kwenda na kurudi, kutwa nzima, mia tatu kwa mia tatu. Kufika jua la saa kumi na moja kila upande ulikuwa na pea mia tatu za kweli. Namba hazikulingana kila mahali. Langu la kushoto lilikuwa tisa na la kulia saba, nikawa natembea kama ninayeficha siri. Lakini yalikuwa ya kushoto na ya kulia, na hapo ndipo unapojua kwamba binadamu hahitaji makubwa.

Jumatano tukaingia mtaroni. Tulianzia mdomoni, mtoni, ili tope lipate pa kwenda, tukapanda nao kuelekea kona. Vioo vilikuwa vinalia chini ya mabuti kama karanga, na hakuna aliyekatwa. Mdogo wangu aliacha foronya na sare akashika jembe, na kila tulipopita ubavuni mwa nyumba yake aliugusa ule ukuta kwa kiganja, kisha akarudi kuchimba. Ijumaa jioni, mikono haifungi wala haifunguki, zilibaki hatua tano. Hatua tano za tope pale kona kabisa, zimekauka juu, zimekaa kama kizibo cha chupa.

"Kesho saa mbili asubuhi tumemaliza," akasema fundi mwashi. Tukaenda kulala.

Saa moja asubuhi tulikuta hema.

Lilikuwa hema zuri, jeupe, lenye viti mia mbili, meza kuu yenye maua ya plastiki, na zulia jekundu tangu barabarani hadi chini ya meza. Wenye vizibao walikuwa wamerudi, na walikuwa wametafuta sehemu tambarare ya kuliweka. Mtaa wote ule uliochimbuka ulikuwa na sehemu moja tu iliyobaki tambarare. Meza kuu ilikaa juu ya zile hatua tano.

Mdogo wangu alimkuta mwenyekiti akinyoosha tai. "Mwenyekiti, hiki ni nini juu ya mtaro?"

"Makabidhiano, Mama Cherehani. Niliwaambia mkurugenzi ana ratiba."

"Hamisha."

"Hema la watu mia mbili? Jamani, dakika arobaini tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone."

"Walisema aje. Hawakusema aketi juu ya mtaro."

"Halafu," mwenyekiti akaendelea, amepunguza sauti, "hayo mabuti mtayaosha. Myarudishe kwenye makasha. Hawezi kuwakabidhi kitu mlichokwisha kuvaa."

Nilidhani tutakataa. Lakini Binti Fomu alikuja akatuomba, kizibao chake kimelowa jasho mapema ile. Alisema mkurugenzi akiridhika ataleta na mabati ya kuezekea, na watu hamsini hawana paa. Basi tukaosha. Watu waliochimba siku tatu walikaa juu ya ndoo wakisugua mabuti kwa brashi za meno, wakayafunga kwenye makasha, wakaenda kukaa kwenye viti wakiwa miguu mitupu, wanangoja kupewa mabuti. Mdogo wangu alikwenda nyumbani, akarudi amebeba kitu kirefu ndani ya kitambaa cha sare. Akakaa safu ya pili, akakiweka chini ya kiti.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Dakika arobaini," akasema.

Mkurugenzi alifika saa sita. Alikuwa bwana mrefu, msafi, mwenye viatu vyembamba vya ngozi, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia mmoja mmoja safu ya mbele. Bwana Semina, aliyeshika kipaza sauti, akatueleza kwamba semina ya uratibu imefanikiwa kwa asilimia tisini na sita, na imependekeza semina nyingine. Mwenyekiti akatoa hotuba ya kwanza, na ya pili. Vilimani kulikuwa kumekuwa kweusi tangu saa tano.

Kisha akasimama mkurugenzi. "Kiwanda chetu," akasema, "si kiwanda cha kukaa pembeni jamii inapoumia. Leo tuko hapa, tumesimama pamoja nanyi, kwenye udongo huuhuu..."

Watu hudhani maji ya mafuriko huanza kwa kelele. Huanza kwa harufu. Nimeyanusa katika miji mitatu: harufu ya mizizi, kama mtu ameng'oa shamba zima kwa mkono mmoja. Nikamwinamia mdogo wangu.

"Maji yameshaanza kushuka huko juu," nikasema.

Hakuuliza una hakika. Alifungua kile kitambaa, akasimama, akapita mbele na jembe lake.

"Mama," Bwana Semina akamwambia kwa upole kwenye kipaza sauti, "maswali yatakuwa baadaye."

"Sina swali."

Akafika mbele ya meza kuu, akapanua miguu kama mtu anayejua kazi, akalishusha. Jembe lilipita katikati ya zulia jekundu likazama kwenye tope hadi mpini. Akalivuta. Akalishusha tena. Mkurugenzi akaruka nyuma kwa miguu yote miwili, bado ameshika karatasi ya hotuba. Mwenyekiti akaita, "Mama Cherehani, tunaaibika!" na pigo la tatu likageuza meza, maua ya plastiki yakamwangukia kifuani kama mtu aliyeshinda mashindano.

Hapo ndipo kelele ikaja, kutoka juu, kama lori la kokoto linalomwaga bila kusimama.

Safu zote zilinyanyuka. Hakuna aliyekwenda barabarani. Walikwenda kwenye makasha. Yalichanwa kwa meno. Kila mtu akavaa kilichomjia mkononi, na nina hakika nilimwona fundi vioo na mawili ya kushoto, akichimba kwa mshazari lakini akichimba. Mabeleshi, sululu, sinia la Binti Fomu. Ndiyo, lile lile. Alikuwa amepiga magoti anakwangulia tope, skrini imepasuka. Tulichimba kijia chembamba, upana wa mtu mmoja, chini ya zulia, chini ya hema, na maji yalipofika kona yalisimama kidogo, yakavimba, yakaanza kugeuza uso kuelekea nyumba ya mdogo wangu.

Yalifika kizingiti. Nililiona povu likilamba kizingiti chake.

Kisha yakaona kile kijia. Maji ni kama watu, yakionyeshwa njia hayahitaji semina. Yaliingia yakiwa membamba, yakatanua, yakang'oa zile hatua tano kwa mkupuo mmoja, pamoja na maua, viti thelathini na hotuba ya tatu ya mwenyekiti, yakapita ubavuni mwa ile nyumba yakinguruma, yakamwaga mtoni. Ukuta ulitikisika. Miti mitatu ililia. Mdogo wangu alikuwa tayari ameshuka, amekumbatia pembe ya nyumba, kana kwamba mikono ya mwanamke mmoja ni mti wa nne.

Ukuta ulisimama.

Mkurugenzi nilimkuta amekwama kwenye ukingo, ameshikilia beleshi asianguke. Kiatu cha kulia kilikuwa kimemezwa na tope. Wapiga picha walikuwa wakimpiga kutoka kila upande. Nikachukua buti kutoka kasha lililochanika, nikampa. Akalijaribu, akaliangalia.

"Mzee, hili ni la kushoto."

"Ndivyo mlivyotuletea."

Akalivaa hivyohivyo, akaenda garini akichechemea. Wiki moja baadaye picha ilitoka gazetini: mkurugenzi na beleshi, buti mguu wa kulia, na maneno chini yake, "Aongoza wananchi kuzibua mtaro." Nyuma yake, pasipoonekana vizuri, kuna mgongo wa mwanamke. Bwana Semina aliandika kwamba mtaro ni tunda la semina. Mabati ya kuezekea yalikuja. Yalikuja kwa malori mawili, na safari hii watu walisimama kwanza wakauliza misumari ilikwenda wapi.

Na mdogo wangu? Kabla sijaondoka alifanya jambo moja. Lile zulia lilikuwa limekwama kwenye kibaraza chake, limekatwa katikati na jembe. Alilifua. Kisha akakaa kwenye cherehani, sasa ikiwa chini mahali pake, akakunja pindo safi kwenye ncha zote mbili zilizokatika, kwa uzi mwekundu, mshono ambao usingeuona bila miwani. Akamwita Binti Fomu aje achukue mali ya shirika.

Binti akaja na sinia jipya. Akaangalia vipande viwili vilivyokunjwa vizuri, akaangalia skrini yake.

"Mama, hapa imeandikwa zulia moja."

"Ndilo hilo."

"Haya ni mawili." Alikuwa karibu kulia, au kucheka, kwa binti yule havikuwa mbali. "Nikipokea mawili watauliza la pili limetoka wapi."

"Mwanangu, si wewe uliyehesabu mabuti mawili ya kushoto ukaandika pea?"

Binti Fomu akakaa chini kibarazani, akavua viatu vyake vilivyojaa tope, akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akabonyeza kitu kwenye sinia, akamwonyesha. Kwenye ukurasa wa mahitaji, chini ya ndoo, palikuwa na mistari miwili mipya: mabuti, kushoto, mabuti, kulia.

Zulia halikuchukuliwa. Kipande kimoja kiko mlangoni kwa mdogo wangu, na kila anayeingia kupimwa sare anafutia hapo miguu. Cha pili aliniwekea kwenye mfuko wangu wa safari, nitandike huko niendako, akaniuliza kwa mara ya mwisho kama mabasi yapo.

Yalikuwepo. Niliondoka na mabuti yangu, tisa na saba.